Mtoto wa Jicho kwenye Dirisha la Mashua

Mwenye mashua alinipa ndoo, kitambaa na chupa ya sabuni ya vyombo, akasema, "Fundi, vioo vimechafuka. Visugue tu, Jumamosi nina wageni." Nikapanda, nikatazama, nikamjibu nikiwa juu ya sitaha: "Mzee, hivi si vioo, na huu si uchafu." Akanitazama kwa lile jicho la mteja anayesikia bei ikipanda kabla haijatajwa.

Mashua yenyewe ilikuwa ya tanga, urefu wa mita nane hivi, imefungwa kwenye boya Ziwa Victoria, upande wa Entebbe. Ina chumba cha kulala watu wanne, madirisha membamba ubavuni na hachi tatu juu. Hachi, kwa msomaji ambaye hajawahi kulala mashuani, ni kile kimlango cha mraba kwenye sitaha kinachofunuka kwenda juu ili kuingiza hewa na mwanga chumbani. Ukilala chali usiku, nyota unaziona hapo. Katika mashua hii nyota zilikuwa zimekoma kuonekana siku nyingi. Plastiki yote ilikuwa nyeupe kama maziwa yaliyotiwa maji.

Najua mashua za namna hii si nyingi Uganda. Nyingi za tanga utakazoziona kule Kaazi ni zile ndogo zisizo na chumba, na ziwani kwa jumla wenye mamlaka ni mitumbwi ya mbao yenye injini nyuma. Lakini plastiki inayofubaa kwenye hachi ni ndugu wa ile iliyo mbele ya boti ya mwendo kasi, ya kofia ya mwendesha bodaboda, na ya taa za yale magari ya Kijapani yaliyotumika ambayo yamejaa barabara za Kampala. Kwa hiyo hata kama kamba ya tanga hujawahi kuishika, kaa tuzungumze.

Weupe usio rangi

Lenzi ya jicho ikiingia ukungu, tunasema mtu ana mtoto wa jicho. Jina hilo naliazima kwa madirisha ya mashua kwa sababu linazuia kosa la kwanza: hakuna daktari anayetibu mtoto wa jicho kwa sabuni. Weupe ule haukupakwa na mtu. Ni mwanga uliopotezwa njia.

Chukua punje moja ya sukari uitazame kwa karibu. Ina uwazi karibu kama kioo. Sasa tazama kijiko kizima cha punje hizo hizo: ni cheupe. Hakuna aliyetia rangi. Kilichoongezeka ni nyuso, maelfu ya pembe zinazotazama kila upande, na mwanga ukigonga kila pembe unapinda kwa njia yake. Dirisha jipya lina uso mmoja laini, kwa hiyo miale yote inapinda kwa nidhamu na kutoka upande wa pili ikiwa bado imeshikana mikono. Dirisha lililokwaruzwa na mchanga kwa miaka kumi ni kijiko cha sukari.

Kiasi ambacho kitu hupindisha mwanga kina namba yake. Hewa ni 1. Maji ni 1.33. Mafuta ya kupikia ni karibu 1.47. Akriliki, ile plastiki ngumu ya hachi nyingi, ni 1.49. Soma namba mbili za mwisho tena. Zinakaribiana mno hivi kwamba mwanga ukivuka kutoka kwenye mafuta kuingia akriliki hautambui kwamba umevuka mpaka. Mkwaruzo uliojaa mafuta, kwa macho ya mwanga, haupo.

Hapo ndipo ninapoanzia kila kazi. Naosha sehemu ndogo, naikausha, nadondosha tone la mafuta ya alizeti na kulitandaza kwa kidole. Nilimwita yule mzee apande ashuhudie. Kwenye hachi mbili za mbele, pale palipopita kidole pakafunguka tundu la uwazi, tukaona godoro na kikombe chini chumbani. "Kumbe!" akasema. Kwenye hachi ya tatu mafuta yalipunguza weupe kidogo tu. Ndani ya plastiki yenyewe zilibaki chembe zinazometameta, ukisogeza kichwa zinawaka, ukikirudisha zinazima, kama mukene, wale dagaa wa ziwani, walioanikwa juani.

Jaribio hilo la sekunde kumi limekwisha kutoa hukumu. Ukungu ukitoweka chini ya mafuta, ugonjwa uko juu ya ngozi, na msasa unaweza kuutoa. Ukibaki na kumetameta, plastiki imepasuka ndani, na hakuna msasa utakaofika huko bila kuimaliza. Ipo hali ya tatu: ukungu unatoweka lakini rangi ya manjano inabaki. Hapo jua limebadilisha ngozi ya plastiki yenyewe, na huyo karibu kila mara si akriliki. Ukimaliza, osha mafuta yale mara moja kwa maji ya sabuni. Ni kipimo, si dawa.

Nasema hivyo kwa sababu mjini yanauzwa kama dawa. Umeegesha gari, kijana anakuja na kitambaa chenye mafuta ya siri, anapangusa taa moja iliyofubaa, inang'aa kama mpya, unalipa. Mvua ya kwanza inaosha mafuta, taa inarudi kama ilivyokuwa. Kijana hakukudanganya macho. Alijaza mikwaruzo kwa kitu ambacho mwanga hauioni tofauti yake. Fizikia yake ni sahihi kabisa. Udhamini wake ndio mfupi.

Plastiki tatu, tabia tatu

Kabla ya kugusa chochote inabidi ujue unagusa nini. Kwenye mashua utakutana na plastiki angavu za aina tatu, na dawa ya moja ni sumu ya nyingine.

Akriliki ndiyo mkongwe. Wajerumani waliisajili kwa jina la Plexiglas mwaka 1933, na Waingereza wa kampuni ya ICI wakaitoa kwa jina la Perspex katika muongo huo huo. Inapitisha asilimia 92 ya mwanga, kiasi ambacho kioo cha kawaida cha dirisha hakikizidi, na jua inalivumilia kwa miaka mingi bila kugeuka manjano. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia ilifunika vichwa vya marubani. Na hapa jina langu la mtoto wa jicho linapata haki yake: daktari wa macho wa Uingereza, Harold Ridley, aliona kwamba marubani walioingiwa na vipande vya Perspex machoni hawakupata uvimbe kama alivyotarajia. Plastiki ile ilitulia tu ndani ya jicho. Akawaza, na mnamo Novemba 29, 1949, katika hospitali ya St Thomas' jijini London, akaweka lenzi ya kwanza ya bandia kwenye jicho la mgonjwa wa mtoto wa jicho. Lenzi ile ilikuwa ya Perspex. Kila ninaposugua hachi huwa nafikiri kwamba nashika kitu ambacho, kikiwa kimesafishwa vizuri, kingefaa kuwekwa ndani ya jicho la mtu.

Polikaboneti ilikuja baadaye, mwaka 1953, ikigunduliwa karibu kwa wakati mmoja na Hermann Schnell wa Bayer kule Ujerumani na Daniel Fox wa General Electric kule Marekani. Hii ndiyo inayouzwa kwa majina ya Lexan na Makrolon. Nguvu zake ni za ajabu: unaipiga nyundo na nyundo inarudi. Ndiyo maana iko kwenye kofia za pikipiki na taa za magari. Udhaifu wake ni jua. Ikiachwa uchi inanyonya miale ya urujuanimno, ile isiyoonekana kwa macho, na ngozi yake inageuka manjano na kuwa ya kupukutika. Kiwandani huvishwa koti jembamba la kuikinga. Siku koti hilo linapoisha, mwisho wake umeanza.

Ya tatu ni vinili, ile laini inayoshonwa kwenye turubai la kukinga upepo na maji mbele ya nahodha. Ulaini wake unatokana na mafuta maalumu yaliyochanganywa ndani, na jua na joto huyafukuza polepole. Yakiisha, vinili inakakamaa kama ngozi iliyosahauliwa juani, inapata manjano, halafu inapasuka kwenye mkunjo.

Kuitambua vinili hakuhitaji elimu, unaikunja tu. Kutenganisha akriliki na polikaboneti ndiko kunakowachanganya hata mafundi wazoefu. Njia yangu ni kufungua fremu na kukwangua kidogo kwenye ukingo unaofichika. Akriliki inatoa vipande vinavyokatika. Polikaboneti inatoa uzi mrefu unaojikunja kama ganda la ndizi lililomenywa kwa kisu. Nikiwa na shaka nachoma kijipande hicho nje, penye upepo, mbali na petroli ya injini. Akriliki inaendelea kuwaka yenyewe, ikitatarika kidogo, na harufu yake ina utamu wa matunda. Polikaboneti inatoa masizi meusi na ukiondoa kiberiti inajizima. Usiinamie kunusa zaidi ya mara moja.

Nilivyoua hachi ya mtu

Fundi anayekwambia hajawahi kuharibu kitu ni fundi wa jana. Miaka kadhaa nyuma nilipewa hachi nzuri ya akriliki, haina ukungu hata kidogo, shida yake ilikuwa kuvuja tu. Nikaifungua, nikakuta gundi ya zamani imeganda ukingoni kama ugali wa juzi. Nikachukua thina ya rangi, nikachovya kitambaa, nikafuta. Gundi ilitoka vizuri mno. Nikaifunga hachi, nikaenda kula.

Asubuhi yake, kutoka kila tundu la skrubu kulikuwa kumetoka nyota ya nyufa nyembamba, na ukingo mzima umejaa ule mng'ao wa mukene. Baada ya siku tatu zilikuwa zimekutana katikati. Bamba jipya nililinunua kwa pesa yangu, na ile maiti ninayo mpaka leo.

Kilichotokea ni hiki. Akriliki ni nyuzi ndefu za molekuli zilizosokotana kama sahani ya tambi. Kinachozishikilia ni kule kusokotana. Bamba likiwa limekazwa kwa skrubu, au limepindwa lifuate mgongo wa mashua, nyuzi hizo zinavutana muda wote hata kama kwa macho kila kitu kimetulia. Thina inapenya katikati yake na kuzilainisha. Pale panapovutwa panaachia, nyufa zinafunguka. Thina ikishakauka, nyufa hazifungi. Kwa hiyo si kemikali peke yake inayoua, wala si mkazo peke yake. Ni hao wawili wakikutana, na ndiyo sababu nyota zile zilianzia kwenye skrubu.

Orodha ya maadui wa aina hiyo ni ndefu na mingi iko nyumbani kwako. Thina, petroli, asetoni ya kufutia rangi ya kucha, spiriti, na zile dawa za kupuliza za kusafishia vioo zenye amonia. Yupo mwingine ambaye watu hawamshuku: dawa ya kujipaka ya kufukuza mbu. Nyingi zina kemikali iitwayo DEET, na DEET inalainisha plastiki. Mgeni anajipaka mikono jioni, anafungua hachi ili apate hewa, kesho unaona alama za vidole vitano zilizozama kwenye plastiki kama muhuri. Kuna wanaoitumia makusudi kufutia taa za gari, na kweli zinang'aa, kwa sababu ngozi ya juu imeyeyuka na kulala upya. Nikiona hivyo huwa nasikia maumivu ya meno.

Na hachi iliyopasuka ndani si suala la urembo. Watu hukanyaga hachi. Usiku wa upepo, mtu anakimbilia tanga la mbele, mguu unatua pale pale. Akriliki yenye nyufa za ndani imepoteza nguvu zake, na kuipiga msasa ni kuipunguza unene bila kuondoa ufa. Ile ya tatu ya mzee nilikataa kuisugua. Alinibembeleza: "Hata kidogo tu, ssebo, ipate sura." Sura ningeweza kuipata. Mguu wa mgeni nisingeweza kuurudisha.

Kazi ya msasa

Sasa hizi mbili zinazotibika. Kwanza maji, mengi kuliko unavyodhani ni lazima, yakimwagika bila kuguswa na kitambaa. Vitabu vya mabaharia wa Ulaya vinahubiri habari za chumvi. Sisi ziwa letu ni la maji baridi, chumvi haituhusu, lakini tuna vumbi jekundu la barabara za udongo linalopeperuka mpaka kwenye maboya, na ndani yake mna mchanga mgumu kuliko plastiki yoyote. Tuna ute wa kijani wa mwani. Tuna wale wadudu wa ziwani wanaoinuka kama moshi na kufia juu ya kila kitu cheupe. Ukipitisha kitambaa kikavu juu ya mchanganyiko huo umekwisha anza kupiga msasa, tena msasa mbaya usio na namba. Mikwaruzo mingi ninayoiona imepangwa kwa mizunguko, mizunguko ya mkono wa mtu aliyekuwa akisafisha kwa nia njema.

Baada ya maji, sabuni laini kwa kiganja, kisha maji tena. Ndipo msasa, ule wa kutumia na maji. Namba kubwa ni msasa laini zaidi, na kanuni ni kuanza na ule laini kabisa unaoweza kuutoa mkwaruzo ulio mbele yako, si ule unaomaliza kazi haraka. Hachi hizi mbili nilizianza kwa 600. Ningekuta mfereji mzito ningeshuka mpaka 400, na hapo pia kwa kusitasita. Kisha 800, 1000, 1500, 2000.

Siri ya kujua lini uhamie namba inayofuata ni mwelekeo. Kwa 600 nasugua kutoka mbele kwenda nyuma ya mashua tu. Kwa 800 nakata kushoto na kulia tu. Nikiona bado kuna mstari hata mmoja unaokwenda mbele na nyuma, kazi ya 800 haijaisha. Wanaosugua kwa duara hawajui walipo. Wanafika 2000 wakiwa wamebeba mikwaruzo ya 600 chini yake, na wakianza kung'arisha ndipo inajitokeza. Kila nikihama naosha bamba, naosha mikono, namwaga ndoo na kuteka maji mapya. Punje moja ya 600 iliyobaki kwenye ndoo inatosha kukurudisha mwanzo.

Jambo ambalo mteja lazima aambiwe mapema: katikati ya kazi dirisha litakuwa baya kuliko lilivyoletwa. Mzee alirudi nikiwa nimemaliza 1000, akakuta hachi nyeupe tupu kama karatasi, akaketi kwenye ukingo wa sitaha bila kusema neno. Maelezo yake ni ya ukubwa. Chembe za msasa wa 400 zina upana wa kama mikroni 35. Za 1000 mikroni 18. Za 2000 mikroni 10. Mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Lakini wimbi la mwanga tunaouona lina urefu wa chini ya mikroni moja, kati ya 0.4 na 0.7. Kwa wimbi hilo hata mkwaruzo wa 2000 ni bonde kubwa. Msasa hautoi uwazi kamwe. Unabadilisha mabonde machache makubwa kuwa mabonde mengi madogo yanayolingana. Uwazi unakuja pale tu mabonde yanapokuwa madogo kuliko mwanga wenyewe, na hiyo ni kazi ya polishi.

Polishi ni uji wenye chembe laini mno. Iko ya plastiki madukani, na mafundi wa ndege wanayo yao, kwani madirisha ya abiria kwenye ndege nyingi nayo ni ya akriliki na nayo husuguliwa. Dawa ya meno? Ndiyo, inafanya kazi, nayo ni uji wenye chembe, ila kwa mikwaruzo midogo tu na kwa subira ya mtawa. Ukitumia mashine, tumia sponji, mwendo wa chini, mkono mwepesi, na usisimame mahali pamoja. Akriliki inaanza kulainika ikikaribia nyuzi 100, na msuguano unafika huko haraka kuliko unavyohisi kwa mkono. Ikilainika inavutika, inaacha kovu lenye mawimbi, unarudi kwenye 800. Kwa sababu hiyo hiyo sifanyi kazi hii saa saba mchana. Plastiki nyeusi iliyokaa juani Entebbe inakuwa tayari ina nusu ya joto hilo kabla hujaiwasha mashine.

Na usisugue doa moja tu. Ukichimba mahali ulipo mkwaruzo, umetengeneza kibonde, na kibonde kwenye plastiki angavu ni lenzi. Kwenye hachi hakuna atakayejali nyota ikiyumba. Kwenye kioo cha mbele cha boti, nahodha ataona mtumbwi mahali usipokuwepo. Tandaza kazi yako mpaka mbali.

Hachi mbili zilinichukua siku moja na nusu, nyuso za nje na za ndani. Watu husahau za ndani, ambako jua halikufika lakini kitambaa kikavu kilifika kila wiki.

Zisizopenda msasa

Polikaboneti inapokea msasa vizuri, ila ukimaliza umemvua koti lote. Itang'aa, mteja atafurahi, na baada ya miezi michache ya jua itakuwa manjano kuliko mwanzo. Hiki ndicho kisa cha taa nyingi za magari zinazosuguliwa mjini. Baada ya msasa lazima ivishwe vanishi angavu yenye kinga ya urujuanimno, iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Zile za kuchanganya sehemu mbili ndizo zinazodumu, na mvuke wake unaumiza mapafu, kwa hiyo vaa barakoa ya kweli ya wapiga rangi, si leso. Nta ya gari nayo inakinga, kwa majuma, si kwa miaka. Maoni yangu: kwa taa ya gari inafaa kuhangaika. Kwa hachi ya polikaboneti iliyopukutika koti, nabadilisha bamba.

Vinili usiiguse kwa msasa. Iko nyembamba na laini, utaichana au kuipofusha. Maji mengi, sabuni, polishi ya vinili, basi. Kama imekakamaa, mafuta yake yamekwenda na hakuna anayejua kuyarudisha. Peleka kwa fundi cherehani akashone mpya. Nyongeza moja: tazama kama vinili inagusa bomba la chuma la fremu. Bomba hilo likipata moto wa jua linaichoma, ndiyo maana mstari wa hudhurungi huwa umefuata bomba kama rula. Livishe kitambaa cheupe.

Kubadilisha bamba si kazi ya kutisha. Kampala wanaouza akriliki kwa wingi ni watu wa mabango, na ukizunguka Barabara ya Nasser na Nkrumah utaelekezwa. Ulizia akriliki ya kumiminwa, si ile ya kukamuliwa kwa mashine. Ya kukamuliwa ni rahisi, inakatika vizuri, lakini ina mkazo ndani yake tangu kuzaliwa na itapata nyufa mapema. Unene ufuate bamba la zamani. Hachi inayokanyagwa mara nyingi ni milimita 10 au 12, na bango la dukani ni 3.

Kosa kubwa hapa ni kukata bamba libane fremu sawasawa, kwa fahari ya useremala. Akriliki inapanuka kwa joto mara tatu kuliko alumini. Bamba la sentimita 60 likipata joto la nyuzi 40 zaidi kati ya alfajiri na saa nane mchana linarefuka kwa karibu milimita 1.7, na fremu yake ya alumini kwa nusu milimita tu. Tofauti hiyo itakwenda wapi? Acha nafasi pande zote, toboa matundu makubwa kuliko skrubu, na ujaze kwa silikoni inayovutika. Gundi nyingine za mashua zinazosifiwa kwa nguvu, hasa za polisalfaidi, zinashambulia akriliki. Skrubu kaza kwa vidole viwili.

Linalobaki ni jua, na jua letu halina mzaha. Ikweta inapita kilomita chache kusini ya Entebbe, ziwa liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo hewa ya kuchuja urujuanimno ni pungufu kuliko pwani, na maji nayo yanairudisha miale kutoka chini. Hakuna polishi inayoshindana na kipande cha turubai la kitambaa kilichoshonwa kama kofia na kuvishwa hachi kila mashua inapolala. Kiwe cha kitambaa. Karatasi la plastiki linafungia joto na mchanga chini yake na kusugua upepo ukivuma.

Mzee aliagiza kofia tatu kwa fundi cherehani wa mtaani. Wageni walikuja Jumamosi wakalala chini ya hachi mbili safi. Ile ya tatu niliifunika kwa ubao wa plaiwudi, nikaandika kwa chaki USIKANYAGE, tukisubiri bamba la milimita 12. Nilipofika Jumatatu kulipima, wa kwanza kupuuza tangazo alikuwa kaloli, korongo mwenye upara, amesimama katikati ya ubao kwa mguu mmoja na kwisha acha sahihi yake nyeupe. Chini ya kinyesi hicho sikuhitaji tone la mafuta kujua ni ugonjwa wa aina gani. Nikachota maji.